Mkataba wa Kwanza: Saa za Kusubiri Mzigo Ni za Nani?

Tangu chama chetu cha marubani wa ndege za mizigo kilipotambuliwa na mwajiri na kamati ya majadiliano ikaketi mezani, watu wanaoniuliza habari za mkataba wa pamoja tunaoujadili huanza na swali lile lile: mmeitisha nyongeza ya asilimia ngapi? Huwa nawajibu kwamba mshahara tumeugusa kidogo tu kufikia sasa, na kwamba kipengele kilichotula muda kuliko vingine vyote kinamhusu rubani aliyefika kazini kwa wakati, akatia saini, akakagua ndege yake, kisha akakaa Embakasi, kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi usiku wa manane kwa sababu mzigo haujafika. Saa hizo ni za nani? Kampuni inasema si zake, kwa kuwa ndege haijasogea. Sisi tunasema si zetu, kwa kuwa hatuwezi kwenda nyumbani.

Kwetu, rubani hulipwa mshahara wa kimsingi ambao haumtoshi mtu kulipa kodi ya nyumba na karo kwa mwezi mmoja, na juu yake huongezewa malipo ya kila saa ya kuruka. Saa ya kuruka huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena. Mpango huo una mantiki yake kwa ndege ya abiria, kwa sababu abiria huja uwanjani wenyewe, hulalamika wenyewe, na kampuni ya abiria ina kila sababu ya kuharakisha safari. Shehena haina mdomo. Maua yakikwama njiani kutoka Naivasha, au yakifika na cheti cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kikawa na kasoro, au paleti ikapimwa na uzani wake ukatofautiana na ulioandikwa kwenye karatasi, hakuna anayepiga kelele ila wakala wa mizigo kwenye simu yake. Rubani na rubani msaidizi wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya ghala, na mita yao ya malipo imezimwa.

Tena Nairobi ina tabia yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mahali palipoinuka, hasa jua likiwa kali, ni nyepesi. Ndege nzito hupata shida kunyanyuka na mzigo kamili hata kwenye barabara ndefu ya kurukia ya zaidi ya kilomita 4. Hivyo ndege zilizosheheni kwelikweli hupendelea baridi ya usiku. Mzigo unaochelewa kwa saa tatu hausogezi tu saa ya kuondoka, bali humsogeza rubani hadi katikati ya zile saa, kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, ambazo wataalamu wa usingizi wanakubaliana kwamba mwili wa binadamu uko chini kabisa, hata kama mwenye mwili huo amekunywa chai ya tangawizi birika zima.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba saa hizo za kusubiri hazijapotea. Zimeandikwa. Kanuni za usafiri wa anga zinahesabu zamu ya rubani kuanzia pale anapotakiwa kuripoti kazini, si kuanzia injini zinapowashwa, kwa hiyo afisa wa rosta, yaani ratiba ya zamu, anayejaza jedwali la KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, anajua barabara kwamba fulani amekuwa kazini tangu saa mbili usiku. Kompyuta ya rosta inamhesabu mtu huyo kuwa mfanyakazi. Kompyuta ya mishahara, iliyo chumba cha pili katika ofisi hiyo hiyo, haimfahamu. Tulipoleta karatasi hizo mbili mezani na kuziweka sambamba, tukachagua usiku mmoja tu wa kawaida, wakili wa kampuni alizitazama kwa muda mrefu kisha akaomba mapumziko ya chai. Nilifurahi, nakiri, ingawa chai yenyewe ilikuwa imepoa.

Katika kikao cha alasiri hiyo, meneja wa shughuli za ndege, mtu ninayemheshimu kwa kuwa naye alikuwa rubani kabla macho hayajamsaliti, alisema neno ambalo nadhani lilitoka moyoni. Alisema, "Kapteni, mambo haya tulikuwa tunayamaliza kwa simu. Mtu akichoka ananipigia, nampumzisha. Tangu lini tumehitaji mawakili?" Ni kweli. Aliwahi kunipumzisha mimi mwenyewe kwa namna hiyo, na sikumlipa chochote. Mzee wetu kwenye kamati, kapteni aliyeanza kuruka Lokichoggio enzi za misaada ya kusini mwa Sudan, alimjibu kwa upole: "Ndugu yangu, wewe utastaafu. Simu yako haitasajiliwa mahakamani kama mkataba."

Hapo ndipo ugumu wa mkataba wa kwanza ulipo, na ndiyo maana ni mgumu kuliko mikataba yote itakayoufuata. Mkataba wa pili hujadiliwa ukiwa na wa kwanza mkononi: mnabadilisha takwimu hapa, mnaongeza aya pale. Wa kwanza unakuta miaka mingi ya mazoea, upendeleo, hisani na ahadi za mdomo, na kila kimoja kati ya hivyo kina mtu anayefaidika nacho. Baadhi yao ni wenzetu. Kuna kapteni anayepangiwa safari za Ulaya mwezi baada ya mwezi kwa sababu ana uhusiano mzuri na afisa wa rosta, na huyo akisikia tunadai orodha ya ukongwe kazini, itakayoamua nani achague rosta kwanza, hafurahii. Amelipa ada ya chama, lakini anaomba kipengele hicho kife. Upinzani wa mwajiri mtu huutarajia. Huu wa ndani unachosha kwa namna yake, kwa sababu wenye kuuendesha hawausemi kikaoni bali kwenye maegesho ya magari.

Kisheria tulianza mahali pazuri kuliko wengi wetu walivyojua. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na kinavipa vyama na waajiri haki ya kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, inamtaka mwajiri akitambue chama kikishakuwa na wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Tatizo likawa hilo la kustahili. Kampuni ilidai kwamba kapteni ni meneja, kwa kuwa yeye ndiye mwenye amri ya mwisho ndani ya ndege, na mameneja hawahesabiwi. Wakiondolewa makapteni wote, wanabaki marubani wasaidizi, wengi wao wakiwa kwenye mikataba ya muda mfupi, na wingi unayeyuka.

Hoja hiyo ina sura ya kweli lakini haina kiini. Mpaka kati ya meneja na mfanyakazi wa kawaida katika nchi hii una historia inayorudi kwenye Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani wa mwaka 1962, uliotiwa saini Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, na kinachotazamwa ni kama mtu anatunga na kuongoza sera za shirika. Kapteni ana mamlaka juu ya usalama wa safari moja. Hawezi kuajiri mtu, hawezi kumfukuza, hapangi bei ya kusafirisha kilo moja ya maua, na hata hoteli atakayolala huchaguliwa na mtu mwingine. Dereva wa basi la usiku la kwenda Mombasa naye ndiye anayeamua kama barabara inapitika, na hakuna aliyewahi kumwita meneja. Hoja ilikufa kabla haijafika mbali, ila ilitupotezea msimu mzima, na nashuku hiyo ndiyo kazi iliyotumwa kufanya.

Sasa turudi kwenye uchovu, maana ndio msingi wa yote. Wenzetu wa Marekani wana funzo ambalo naona kila rubani wa mizigo angepaswa kulijua kabla hajaingia kwenye kikao. Mwaka 2009 ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, na baada ya shinikizo la familia za waliokufa, serikali ilitoa kanuni mpya za muda wa kazi na mapumziko, zilizoanza kutumika Januari 2014. Kanuni hizo ziliyaacha nje mashirika ya mizigo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hesabu: gharama ya kuyajumuisha ilionekana kuzidi faida, na faida katika hesabu za aina hiyo hupimwa zaidi kwa maisha yanayookolewa. Ndege ya mizigo hubeba watu wachache. Chama cha marubani wa UPS, kampuni kubwa ya mizigo ya huko, kilikwenda mahakamani kupinga, na mwaka 2016 kikashindwa.

Katikati ya mvutano huo, alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2013, Airbus A300 ya UPS ilianguka ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafariki. Wachunguzi waliutaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Lazima niseme ukweli wote hapa, kwa sababu upande wa mwajiri uliusoma pia na ukatusomea: ripoti ilisema kwamba sehemu ya uchovu wa rubani msaidizi ilitokana na jinsi alivyotumia muda wake wa mapumziko, si rosta peke yake. Sawa. Hatukatai kwamba rubani ana wajibu wa kulala anapopewa nafasi ya kulala. Ndiyo maana kipengele tulichopendekeza kinazungumzia pande zote mbili: kampuni ihakikishe chumba chenye giza na utulivu iwapo kusubiri kumepita saa mbili, na rubani asikitumie chumba hicho kwa shughuli nyingine. Meneja wa fedha aliuliza kama mapazia mazito yanahesabiwa kuwa marupurupu. Sina hakika kama alikuwa akitania.

Kipande kingine cha kipengele hicho kimepita bila vita kubwa, na nakiona kuwa ushindi wetu mkubwa zaidi hadi leo. Katika mifumo mingi ya usafiri wa anga, kapteni anaruhusiwa kurefusha zamu kwa hiari yake pale linapotokea jambo lisilotarajiwa. Hiari hiyo iliwekwa kwa ajili ya usalama, ili ndege isiachwe mahali pabaya kwa sababu ya dakika ishirini. Lakini hiari ya mtu ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao ni hiari ya jina tu. Simu ikija kutoka ofisini ikisema mteja anasubiri, atarefusha. Rasimu sasa inasema kwamba kapteni akikataa kurefusha zamu hataulizwa sababu na mtu yeyote wa biashara, hataandikiwa barua, na safari zake za mwezi unaofuata hazitapunguzwa. Aya yenyewe ni ya mistari minne, na ndiyo ningeichagua kama ningeambiwa nichague moja tu.

Marubani vijana hawanielewi ninaposema hivyo, na nisingekuwa mkweli kama ningewaonyesha kuwa wakaidi. Kijana aliyesomea urubani kwa shamba la familia lililouzwa, kisha akatakiwa agharimie mafunzo ya aina mahususi ya ndege kwa dola, kisha akatia saini bondi inayomzuia kuondoka kabla ya muda fulani la sivyo alipe gharama zote, huyo anataka fedha, na anazitaka mwezi huu. Kwake usingizi ni jambo la wazee wenye nyumba zilizokwisha kujengwa. Mmoja wao aliniambia waziwazi: "Kapteni, mimi nitalala nikishalipa mkopo." Tulichoweza kuwapatia kufikia sasa ni bondi inayopungua kila mwezi mtu anaotumikia, badala ya ile iliyobaki na uzito wote hadi siku ya mwisho, pamoja na kampuni kukubali kimsingi kulipia bima ya kupoteza leseni. Hiyo ya bima waliichukulia kijuujuu, mpaka Mzee alipowaeleza kwamba daktari wa KCAA akigundua mapigo ya moyo yasiyo sawa, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na cheti cha afya hakijali kama una miaka 28 au 58.

Suala la Somalia lilijadiliwa kwa sauti za chini. Marubani wa Nairobi wamebeba miraa, dawa na vyakula kuelekea huko kwa miongo mingi, na majina ya waliokufa yanajulikana Embakasi na kwenye uwanja mdogo wa Wilson bila kuandikwa. Tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa kuelekea Mogadishu ilianguka kwenye mtaa wa Utawala, Nairobi, mara baada ya kuruka, kabla hakujapambazuka, na wote wanne waliokuwemo wakafa. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ya Kenya iliyopeleka vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, wakafa watu sita. Tunadai haki ya rubani kukataa safari ya eneo la vita bila adhabu, na bima ya hatari za kivita ambayo familia inaweza kuisoma kabla, si kuitafuta baada ya mazishi. Kampuni imeikubali ile ya kwanza. Kuhusu bima wanataka kiwango cha fidia kibaki siri ya kibiashara, na hapo tumewakumbusha kifungu cha 57 cha Sheria ile ile ya Mahusiano ya Kazi, kinachomtaka mwajiri kukipa chama taarifa zote muhimu zitakazowezesha majadiliano ya maana. Barua ipo kwao.

Kuhusu moto ndani ya ndege tuliafikiana upesi, labda kwa sababu hakuna upande unaopenda kuufikiria. Sehemu kubwa ya juu ya ndege ya mizigo kwa kawaida haina mitambo ya kunyunyiza dawa ya kuzima moto. Kinachotegemewa ni kuitoa hewa ili moto ukose oksijeni, na betri za lithiamu zikishashika hazijali sana hilo. Boeing 747 ya UPS iliyoanguka Dubai tarehe 3 Septemba 2010, ikiwa na shehena ya betri kama hizo, iliwaua marubani wawili waliokuwa hawaoni hata vioo vya mita zao kwa moshi. Baadaye kampuni hiyo na chama cha marubani wake waliunda jopo la pamoja lililosukuma mbele vinyago bora vya oksijeni na vifaa vya kuona ndani ya moshi. Kamati ya pamoja ya usalama ya aina hiyo sasa imo katika rasimu yetu.

Limebaki swali la mgomo, ambalo kila mtu analikwepa na kila mtu analifikiria. Wanachama kadhaa wametaka ilani itolewe mwishoni mwa Januari, wakati maua ya Valentine yanapojaa vyumba vya baridi na kila ndege ina thamani ya dhahabu. Kwa hesabu ya nguvu hawajakosea. Lakini nimewaambia, na naandika hapa pia, kwamba silipendi wazo hilo. Wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengi wao wanawake, wana mkataba wao wa pamoja unaojadiliwa kati ya chama chao cha wafanyakazi wa mashamba na jumuiya ya waajiri wa kilimo. Walikuwa nao miaka mingi kabla sisi, wenye mistari mabegani, hatujaanza hata kuandika wa kwetu. Maua yakioza Embakasi, wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani ni yule aliyeyakata. Pia tuliona mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022, ulioanza tarehe 5 kwa sababu, pamoja na mengine, ya michango ya akiba yao ya uzeeni iliyosimamishwa, na mahakama ikawaamuru warudi kazini kufikia tarehe 9. Madai yao yalikuwa na uzito, lakini siku zile abiria waliokwama ndio waliopigwa picha, na hoja ya akiba haikusikika. Sisi hatutakuwa na abiria waliokwama. Tutakuwa na maboksi, na pengine hakuna gazeti litakaloyapiga picha kabisa.

Sheria yenyewe haituruhusu kukurupuka. Mgogoro lazima uripotiwe kwa Waziri, msuluhishi ateuliwe, siku 30 za usuluhishi zipite au pande mbili zikubaliane kuziongeza, ndipo ilani ya maandishi ya siku saba itolewe. Wanaotaka Januari wamekwisha kuhesabu siku hizo kurudi nyuma kwenye kalenda, na kwa hesabu yao ripoti inapaswa kupelekwa wizarani karibuni. Kamati imegawanyika.

Pendekezo lililoko mezani kwa sasa ni la kampuni: saa mbili za mwanzo za kusubiri zisilipwe, zinazofuata zilipwe kwa nusu ya kiwango cha saa ya kuruka, na malipo hayo yaanze tarehe mkataba utakaposajiliwa. Tumelijibu kwa saa moja badala ya mbili, tukaiacha nusu kama ilivyo, na tukataka malipo yaanze tarehe chama kilipotambuliwa, kwa kuwa sheria inaruhusu pande mbili kukubaliana tarehe ya kuanza hata kama utekelezaji unangoja usajili. Tukitia saini, rasimu inapaswa kupelekwa ndani ya siku 14 kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kikao kijacho ni Alhamisi, katika hoteli ile ile ya Barabara ya Mombasa, na wawili kati yetu watakuja moja kwa moja kutoka kwenye zamu ya usiku, mzigo ukifika kwa wakati.